Maji ya Paa na Haki ya Jirani

Mji wa Dar es Salaam huteswa na maji yakizidi na huteswa yakipungua, na la ajabu ni kwamba aghalabu watu huzisimulia taabu hizi kana kwamba ni mbili zisizojuana. Desemba ya mwaka 2011 ilinyesha mvua ambayo mfano wake haukuwa umeonekana mjini tangu mwaka 1954, bonde la Msimbazi likafurika, watu takriban 40 wakafikwa na mauti, na wengi waliopoteza maskani wakahamishiwa Mabwepande. Kisha, Oktoba ya mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua, mji ule ule ukagawiwa maji kwa zamu, na madumu yakapangwa foleni mbele ya visima vya wenye rehema na vya wenye tamaa.

Mvua haina taksiri kubwa katika habari hii. Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu, ukapita Jangwani, hata ukaingia baharini karibu na daraja la Selander. Na zamani maji yaliufikia polepole, kwa kuwa mchanga na majani viliyanywa kwanza. Leo kila kiwanja kinachojengwa huondoa kipande cha ardhi kilichokuwa kikinywa, kikavikwa bati, zege na peving kutoka ukuta hata ukuta, na maji ambayo yangechelewa njiani yakafika mtoni yote kwa pamoja. Mwenye nyumba hutazama ua wake ulivyo safi akamshukuru fundi. Malipo ya usafi ule hudaiwa bondeni, kwa watu ambao hakupata kuwaona.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi nyumba ya kadiri, yenye paa la mita za mraba 150, ikinyeshewa milimita 60, humwaga lita 9,000, na katika mwaka wa milimita 1,000, ambao si mgeni Dar es Salaam, hata tukitoa moja ya tano kwa upotevu, hubaki lita 120,000, nazo zingeitosha kaya itumiayo lita 300 kwa siku muda wa siku 400. Wauza matangi hukomea hapa, nami siwalaumu, maana biashara yao ni matangi. Lakini tangi la lita 5,000 huikimu kaya hiyo siku zisizotimia 17, na paa lile lile hulijaza kwa milimita 33 na kitu. Likishajaa, maji yanayofuata huenda zake bondeni kama kwamba tangi halipo.

Kwa hiyo mtaka akiba hupenda tangi lijae, ilhali jirani wa chini angependa liwe tupu mawingu yanapokusanyika, na tadbiri ya kuwapatanisha wawili hawa ni kuyatumia maji hayo kila siku katikati ya masika, wakati ambapo watu huyasahau: chooni, katika kufua, katika kuosha sakafu, ili mvua ya kesho ikute nafasi. Kinachozidi kielekezwe katika shimo lililojazwa mawe na kokoto, kisitupwe barabarani. Shimo hilo hufaa penye mchanga, tena mbali na shimo la choo. Penye mfinyanzi, au bondeni ambako maji ya ardhini yako karibu, ni kazi bure. Na tangi lifunikwe barabara, kwa sababu mji huu umekwisha kuionja homa ya dengi, mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake hupenda maji safi yaliyotuama.

Lamu inatupa somo jingine, nalo ni kali zaidi. Mji ule hunywa mvua ambayo vilima vya mchanga vya Shela huipokea, huichuja, na kuiweka chini, juu ya maji mazito ya chumvi. Basi tajiri apendaye kujenga hoteli juu ya vilima hivyo kwa ajili ya mandhari ya bahari huwa amejenga juu ya kisima cha mji mzima. Wala haifai kumjibu mwenyeji kwamba achimbe chake kwingine, maana maji matamu yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na ikishapanda haishuki kwa amri ya mtu.

Singapore, tangu mwaka 2014, mwenye kujenga upya katika eneo la hekta 0.2 au zaidi hulazimishwa na kanuni kupunguza kasi ya maji ndani ya kiwanja chake kabla hayajaingia katika mifereji ya umma. Tanzania, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kando ya mto, na ni jambo jema. Lakini humgusa aliye ukingoni, aghalabu maskini, ilhali mafuriko hutengenezwa na viwanja vya juu, vyenye kuta ndefu na mageti. Insafu inataka halmashauri zetu zisimpe mtu kibali cha ujenzi mpaka ramani yake ionyeshe maji ya paa na ya ua yatakwenda wapi, kama inavyoonyesha shimo la choo. Nawe msomaji, ikiwa kesho unamlipa fundi wa peving, mwambie aache walau theluthi moja ya ua iwe udongo na majani.