Gia za ndani, kiungo mkabaji wa baiskeli ya Ilagala

JULAI 25, 2021 macho ya nchi nzima yalikuwa mwisho wa reli. Simba na Yanga walikuwa wakicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma. Pamoja na washambuliaji wote waliokuwepo, bao pekee lilifungwa na mtu wa kazi chafu, kiungo mkabaji Taddeo Lwanga kutoka Uganda. Simba wakabeba kombe.

Baiskeli nayo ina kiungo mkabaji wake, ingawa wengi hawamjui. Ni habu ya gurudumu la nyuma yenye gia ndani yake. Haina mbwembwe, lakini kwa njia kama za Ilagala ndiyo inayoweza kuamua kama utafika au utasukuma.

Ilagala iko wilayani Uvinza, pale mto Malagarasi unapokaribia kuingia Ziwa Tanganyika. Huku baiskeli si ya mazoezi ya asubuhi. Inabeba madumu ya mawese, mihogo na dagaa, na siku ya mechi kubwa inampeleka shabiki kibanda umiza na mwenzake akiwa amekaa kwenye keria. Njia zake ni mchanga karibu na maji, tope wakati wa masika na vumbi kiangazi.

Mkongwe wa kazi hiyo ni baiskeli za aina ya Phoenix, fremu ya chuma na gia moja. Sifa yake inajulikana: ikiharibika, fundi wa chini ya mwembe anaimaliza. Lakini ukiwa na madumu mawili ya lita 20 nyuma, halafu ukakutana na kilima, gia moja haina huruma. Unashuka, unasukuma.

Vijana wengi wanapenda baiskeli zenye gia za nje, zile ambazo sproketi zimepangana nyuma na kimkono kinaihamisha cheni kutoka moja kwenda nyingine. Hiyo ni winga mwenye chenga nyingi. Kwenye uwanja mzuri anafurahisha, kwenye tope anapotea. Mchanga unakula cheni, kimkono kikigonga kisiki kinapinda, na kikiingia kwenye spoku safari imeishia hapo. Zaidi ya hapo, ili gia ibadilike lazima miguu iwe inazungusha pedali. Ukikwama mchangani ukiwa kwenye gia nzito, umekwama nayo.

Gia za ndani zinacheza mfumo mwingine. Ndani ya habu kuna gia ya katikati iliyokaa kwenye ekseli, vigia vidogo vinavyoizunguka, na pete yenye meno inayovizingira vyote. Yote yamefungiwa pamoja na mafuta yake, mbali na mchanga. Nje inabaki sproketi moja na cheni moja iliyonyooka, nene kama ya Phoenix. Na unaweza kubadilisha gia hata ukiwa umesimama.

Mfano maarufu ni habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer, kampuni iliyoanzishwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1902. Aina yake ya AW ilitoka mwaka 1936. Hesabu yake ni rahisi: gia ya pili, sproketi ikizunguka mara moja na gurudumu linazunguka mara moja. Gia ya kwanza, ya mlima, sproketi inazunguka mara nne gurudumu likizunguka mara tatu. Gia ya tatu, ya tambarare, ni kinyume chake.

Juu kabisa ya ligi yuko Mjerumani, Rohloff, mwenye gia 14. Mwaka 2008 Mskoti Mark Beaumont alimaliza kuizunguka dunia kwa baiskeli yenye habu hiyo, akitumia siku 194. Matunzo yake makubwa ni kubadilisha mafuta kila kilomita 5,000. Tatizo ni usajili: habu peke yake inazidi dola 1,000 za Marekani. Kwa muuza mawese huyo ni mchezaji wa kumtazama kwenye televisheni tu.

Kuna walioitafuta njia ya kati. Shirika la World Bicycle Relief, linalosambaza baiskeli za Buffalo katika nchi kadhaa za Afrika ikiwemo Kenya, limetoa aina yenye cheni mbili na gia mbili. Haina waya wa gia. Unakanyaga nyuma kidogo, gia inabadilika.

Hata hivyo, kiungo mkabaji naye ana siku mbaya. Habu ya gia ni nzito kuliko ya kawaida. Ukipata pancha nyuma, lazima ufungue waya wa gia kabla ya kutoa gurudumu, na ukirudisha uzikaze vizuri washa zinazozuia ekseli isizunguke. Kwenye AW, waya ukilegea gia inaweza kuponyoka kati ya ya pili na ya tatu, pedali zikazunguka bure. Wengi hudhani habu imekufa, kumbe dawa ni kurekebisha waya. Lakini ikivunjika springi ya ndani, hapo hakuna ujanja wa kamba ya mpira. Inatakiwa spea, na anayejua kuifungua.

Kwa hiyo anayetaka kujaribu aanze kwa fundi, si dukani. Amuulize kama amewahi kuifungua habu ya gia tatu na spea atazipata wapi. Ahesabu pia matundu ya spoku, maana habu ya matundu 36 haiingii kwenye ringi ya 40. Majibu yakiwa mazuri, gia tatu zilizofichwa zitamfaa njia za Ilagala kuliko 21 zinazokula mchanga. Fundi akitikisa kichwa, abaki na Phoenix yake na aendelee kusukuma mlimani, maana benchi bila mchezaji wa akiba halishindi ligi.