Je, Wajua? Bendera ya Berlin Ilikuwa Kitambaa cha Meza

Wajua kwamba bendera nyekundu inayopepea juu ya Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani mjini Berlin, katika picha maarufu ya Mei 1945, ilishonwa kwa kitambaa cha meza? Yevgeny Khaldei, luteni wa jeshi la majini la Kisovieti na mpiga picha wa shirika la habari la TASS, alichukua vitambaa vya meza ofisini Moscow, akampelekea fundi cherehani wanayefahamiana. Zikatoka bendera tatu, zenye nyundo na mundu.

Wajua kwamba askari walikwisha kusimika bendera pale tangu usiku wa Aprili 30? Giza lilikuwa limeingia, hakuna picha iliyopigwa. Khaldei alipanda Mei 2, akawaomba askari wachache wamsaidie, akamaliza filamu nzima, picha 36, kwa kamera aina ya Leica. Kamera ya Kijerumani!

Sasa mtazame askari anayemshikilia mwenzake mwenye bendera asianguke. Kwenye picha ya awali alivaa saa mikono yote miwili, na wakubwa wakahofia watu watasema wanajeshi wao wamepora. Khaldei akachukua sindano, akaikwangua saa moja kwenye negativu. Moshi mzito nao uliongezwa baadaye. Kwangu mimi, mkwaruzo ule unaieleza kazi hii kuliko bendera yenyewe: mpiga picha wa jeshi hutumikia mabwana wawili, tukio na amri.

Wajua kamera yake ya kwanza aliitengeneza mwenyewe utotoni, akitumia lenzi za miwani ya bibi yake?

Alizaliwa 1917 katika familia ya Kiyahudi huko Yuzovka, Donetsk ya leo, nchini Ukraine. Alikuwa na mwaka mmoja tu Wayahudi waliposhambuliwa mjini hapo. Risasi iliyomuua mama yake ilipita ikamwingia na yeye. Wakati wa vita Wanazi wakamuua baba yake na dada zake. Huyo ndiye aliyepanda juu ya Reichstag.

Na wajua picha yake ya Juni 22, 1941? Wakazi wa Moscow wamesimama barabarani, wanasikiliza kipaza sauti kikitangaza kwamba Ujerumani imevamia. Hamna bunduki wala bendera, ni nyuso tu. Mimi naiweka juu ya ile ya Berlin.

Mwaka 1948, chuki dhidi ya Wayahudi ikizidi kupamba moto, TASS ilimwachisha kazi. Miaka kadhaa baadaye gazeti la Pravda likamwajiri. Alifariki Moscow mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 80.