Ulikunywa chanjo ya kipindupindu 2023? Usiitegemee tena

Unakumbuka Februari 2023? Wahudumu wa afya walipita mtaani, wakakupa kichupa kidogo, ukabugia chanjo, basi. Hakuna sindano, hakuna foleni ndefu. Kenya ilikuwa ikipambana na mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022, na chanjo ikaanza kutolewa kwa watu wa kuanzia umri wa mwaka mmoja katika kaunti za Nairobi, Garissa, Wajir na Tana River.

Tangu siku hiyo huenda umekuwa ukijiambia, “Mimi nimechanjwa, sina stress.” Hebu tuongee.

Dozi kamili ni mbili, zikiachana kwa angalau wiki mbili. Ukinywa zote, kinga hukaa angalau miaka mitatu. Wewe ulipewa moja. Si eti mhudumu alikupunja. Mwaka wa 2022 kipindupindu kililipuka katika nchi nyingi kwa wakati mmoja na akiba ya chanjo ya dunia ikakosa kutosha. Mwezi huo wa Oktoba, mashirika yanayoisimamia yaliamua kila mtu apewe dozi moja ili wengi wafikiwe. Dozi moja hutegemewa kwa miezi sita hivi. Piga hesabu mwenyewe.

Je, chanjo ni bure tu? Hapana. Zanzibar ilipochanja maelfu ya watu 2009, waliokunywa dozi mbili walipata kinga ya asilimia 79. Tena, palipochanjwa wengi, hata majirani ambao hawakunywa walinufaika, kwa sababu ugonjwa ulikosa wa kumrukia.

Lakini chanjo huzima moto, haiondoi kuni. Kuni ziko pale mtaani: mfereji wa plastiki uliopita ndani ya mtaro wa majitaka. Maji yakikatwa, uchafu huingia kupitia nyufa, na yakirudi unayateka kwa mtungi ukidhani ni safi kwa kuwa yanang’aa.

Kwa hivyo chemsha maji ya kunywa au tia dawa. Nawa mikono kwa sabuni. Kibandani, kula chakula kikiwa moto, na kama hujui kachumbari ilioshwa kwa maji gani, wachana nayo.

Ukianza kuhara maji meupe kama yaliyooshewa mchele, usingoje kesho; kipindupindu huua kwa saa chache. Koroga lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila kurundika. Kunywa ukielekea hospitalini.

Na siku wahudumu wakibisha tena, fungua mlango, unywe. Halafu urudi jikoni uchemshe maji.