Mwanao ana ufundi, hana cheti: pa kuanzia

Gereji na karakana za kuchomelea za Pugu, kama zilivyo pembezoni mwa Dar es Salaam kote, zimejaa vijana waliojifunza kazi kwa fundi. Kazi wanaijua. Lakini ajira ya kiwandani ikitangazwa, swali la kwanza ni cheti, na hapo wengi hukwama. Mzazi naye huanza kutafuta ada ya kumrudisha darasani.

Kabla hujauza kiwanja, ulizia VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Kijana hupimwa kwa kazi anayoifanya. Penye upungufu hupewa mafunzo mafupi, na akifaulu hupata cheti. Haanzi upya. Kwa wakazi wa Pugu, chuo cha Chang'ombe, Temeke, ni mahali pa kuulizia.

Baada ya cheti huja mtaji. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana hukopeshwa kwa vikundi. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona.

Hapo mzazi ana kazi: kumuuliza mwanawe anaungana na nani. Mkopo usio na riba bado ni deni, na mwenzake akitoroka, waliobaki ndio watakaolipa.