Mwamba ngoma na dhahabu ya Kakamega: mwanafunzi apimeje anachokisoma?

Kila mwaka wako watoto wetu wa Likoni, Malindi na Lamu wanaopangiwa vyuo vya Magharibi, na baadhi yao huja hapa Kakamega, katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro au vyuo vya jirani. Mzazi huniuliza habari za baridi, nyumba za kupanga na nauli. Mimi ninayefundisha huku stadi za mawasiliano kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza ningependa aniulize na jambo jingine: mwanangu akisoma kitu, atajuaje kama ni kweli?

Niliwapa wanafunzi kazi fupi, waandike kuhusu dhahabu ya Ikolomani. Huku si jambo la vitabuni. Mwaka 2020 kampuni ya Barrick iliiuzia Shanta Gold mradi wake wa magharibi mwa Kenya, na familia za Isulu na Bushiangala zinasikia habari za kuhamishwa kupisha mgodi. Darasani wamo ambao kwao ndiko huko.

Kazi zikarudi. Mmoja alikuwa ametaja vyanzo sita, na nikamwuliza kwa nini aliiamini tovuti aliyoitegemea zaidi. Akajibu, "Mwalimu, inaishia kwa .org, imeandikwa vizuri, na ina ukurasa wa kueleza wao ni nani." Sikuweza kumlaumu, maana mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Kwa miaka nimekuwa nikigawa karatasi ya maswali: je, tarehe ipo? Jina la mwandishi lipo? Lugha ni safi? Mwanafunzi anajaza vema, vema, vema, kisha anaamini.

Ubaya wake ni kwamba vitu vyote hivyo hupangwa na mwenye ukurasa. Anwani ya .org hununuliwa na yeyote mwenye fedha kidogo, si kama.ac.ke au .go.ke ambazo zina masharti ya nani azitumie. Kumpima mtu kwa maneno yake mwenyewe ni kama kumwuliza muuza samaki kama samaki wake ni wa leo.

Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapima watu 45: wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho chenye sifa kubwa. Waliwaonyesha, pamoja na mengine, tovuti mbili za madaktari wa watoto. Moja ni ya chama kikuu cha taaluma hiyo, kilichoanzishwa 1930, chenye wanachama makumi ya maelfu. Nyingine ni ya kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002 na kujipa jina linalofanana. Wanafunzi wengi walidanganyika, na hata baadhi ya wanahistoria wakayumba. Waliisoma tovuti kwa makini, juu hadi chini. Wahakiki hawakukaa hapo. Walitupa jicho, wakaiacha, wakafungua kurasa nyingine kuuliza watu wengine wanasema nini juu ya hawa. Wakapata jibu upesi.

Kwetu Pwani jambo hili si geni. Aliyesoma chuoni kwa maalim anajua kwamba hadithi haipokewi kwa utamu wa maneno. Huulizwa kwanza nani kaipokea kwa nani, na watu wanamjuaje. Ajabu ni kwamba kijana huyohuyo akishika simu husahau.

Turudi Ikolomani. Chanzo kizito kuliko vyote ni ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Ina kurasa nyingi, ramani na majedwali, na wanafunzi huiogopa kama msahafu. Lakini kwa sheria yetu ya mazingira ya 1999, mwenye mradi ndiye anayegharamia tathmini hiyo, ingawa wataalamu lazima wawe wamesajiliwa na NEMA. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hiyo haina maana kwamba ripoti ni uongo, na hapa ndipo wanafunzi hukosea upande wa pili: wakishajua nani kalipa, wanataka kuitupa yote. Kampuni ndiyo iliyotoboa mwamba, basi inajua dhahabu iko kina gani. Bibi wa Bushiangala anajua makaburi yako wapi na kisima kipi hukauka Januari. Kila mmoja aaminiwe kwa lile alilo na njia ya kulijua.

Wengine waliandika kwamba hakuna la kuhofia, sheria inalinda ardhi. Niliwarudisha nyuma. Sheria ya 1930 iliwaahidi wenyeji kwamba ardhi ya hifadhi zao ni yao milele, na ikitwaliwa watapewa nyingine badala yake. Dhahabu ikaonekana Kakamega mwaka 1931. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha sheria, na ardhi kwa ardhi ikawa fidia ya fedha tu. Anayesoma toleo la 1930 peke yake hasomi uongo, ila amesoma nusu.

Wasomaji wa Lamu wanayajua haya bila mwalimu. Ripoti ya mtambo wa makaa ya mawe nayo ilikuwa na majedwali, na NEMA ikatoa leseni mwaka 2016. Wananchi walikwenda nayo mahakamani, na tarehe 26 Juni 2019 mahakama ya mazingira ikaifuta leseni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kuhusu akili mnemba, nasema machache. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka kortini kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Katika vyanzo sita vya yule mwanafunzi, viwili vilikuwa vya aina hiyo. Tulivitafuta pamoja maktabani, havipo popote.

Sasa wanarudia kazi ileile. Karatasi yangu ya maswali nimeichana. Kando ya kila chanzo wanaandika mambo matatu: nani amelipia, amelijuaje, na nani mwingine asiye wake amelisema. Yule wa .org amebakiwa na vyanzo viwili. Juzi alinisimamisha nje ya darasa akitaka kujua ofisi ya NEMA ya kaunti iko wapi, aisome ripoti yenyewe.