Kijana Aliyefundisha Watu Kuufuata Moto

Wajukuu zangu, leo nawapeleka mbali, Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, mwaka 1824. Mji wa kale ulikaa juu ya mgongo wa kilima. Katikati ilipita barabara kubwa iitwayo High Street, na kutoka hapo vilishuka vichochoro vyembamba kama vya Mji Mkongwe wa Unguja, ila nyumba za huko zilipanda ghorofa saba, nane, nyingine hata kumi. Familia ziliishi moja juu ya nyingine, zikitumia ngazi moja ya giza. Kila chumba kilikuwa na moto wa makaa ya mawe mchana na mishumaa usiku.

Nyumba ikiwaka, nani alizima? Pampu za mkono zilikuwepo, nyingi mali ya kampuni za bima. Ndoo zilikuwepo. Mashujaa hawakukosekana. Kilichokosekana ni mpango, kwa kuwa kila kundi lilikuwa na bwana wake na kila bwana alikuwa na amri yake. Mwaka huo wakuu wa mji na kampuni za bima wakakubaliana kuunda kikosi kimoja cha mji mzima. Mkuu wake wakamteua James Braidwood, kijana wa miaka 24 tu.

Mbona kijana? Braidwood alikuwa amejifunza kazi ya ujenzi, na mimi naona hapo ndipo walipopatia. Anayejua nyumba inavyosimamishwa anajua pia itakavyoanguka. Naye alipotafuta vijana wake aliwaendea waashi, maseremala, waezekaji na mafundi bomba, watu waliozoea kutembea juu ya mapaa bila kizunguzungu.

Lakini moto haukumsubiri amalize kuwafunza. Kikosi kilikuwa na umri wa wiki chache tu pale usiku wa tarehe 15 Novemba ulipozuka moto katika karakana ya mchonga picha, ndani ya kichochoro cha Old Assembly Close. Pampu zilifika, lakini maji hayakupatikana upesi, na kichochoro kilikuwa chembamba mno kwa watu na vyombo vyao. Moto ukaruka kutoka nyumba hii hadi ile. Kesho yake mchana, watu wakidhani umeanza kupungua, cheche zilizopeperushwa na upepo zikatua kwenye mnara wa kanisa la Tron. Mnara ule ulikuwa wa mbao, umefunikwa kwa madini ya risasi. Risasi ikayeyuka ikawa inatiririka kutoka juu, wazimamoto wakalazimika kukimbia, na mnara ukaporomoka pamoja na kengele yake. Usiku huohuo moto mwingine ukawaka karibu na Parliament Square. Mpaka yote yalipokwisha, watu wapatao 13 walikuwa wamekufa, wawili kati yao wazimamoto, na mamia ya familia hazikuwa na pa kulala.

Watu walimlaumu Braidwood. Uchunguzi ulipofanyika, ukaonyesha jambo lingine: wakati wote wa moto, mahakimu na waheshimiwa wa kila aina walikuwa wakimpigia kelele, huyu akitaka pampu zije huku, yule zipelekwe kule. Basi ikaamuliwa kwamba penye moto mwenye amri ni mmoja tu, mkuu wa zimamoto. Kati ya yote yaliyotokea mwaka ule, mimi nauona uamuzi huo kuwa mkubwa kuliko pampu yoyote.

Sasa Braidwood akaanza kazi kwa utulivu. Aliwafanyisha mazoezi kukiwa bado giza, kabla mji haujaamka, maana moto mwingi huja usiku. Aliwavika kofia za ngozi ngumu zenye ukingo wa nyuma, ili makaa yasiingie shingoni. Kwa kuwa sauti ya mtu humezwa na kishindo cha moto, amri zake alizitoa kwa filimbi. Na hakuna aliyeruhusiwa kuingia peke yake. Walikwenda wawili wawili, mmoja akianguka mwenzake amtoe.

Alibadilisha hata namna ya kupiga maji. Zamani watu walisimama barabarani wakirusha maji kwenye moshi na madirisha. Braidwood alisema ingieni ndani, tafuteni mahali moto wenyewe ulipo, maji yaende hapo. Moshi ukiwazidi, tambaeni, kwa sababu hewa safi hubaki chini karibu na sakafu. Hilo nanyi lishikeni, watoto: chumba kikijaa moshi, usikimbie umesimama wima. Lala chini utambae mpaka mlangoni.

Sifa zake zikafika London. Huko, mwaka 1833, kampuni kumi za bima ziliunganisha vikosi vyao na kumwita awaongoze. Aliwaongoza kwa miaka 28. Mara nyingi alionya kuhusu maghala makubwa mno ya kando ya mto Thames, akisema yakishika moto hakuna kikosi kitakachoyaweza. Tarehe 22 Juni 1861 yakashika, katika mtaa wa Tooley. Ndani mlikuwa na pamba, katani, sukari na mafuta ya wanyama, na milango ya chuma iliyowekwa kuzuia moto ilikuwa imeachwa wazi. Braidwood alikuwa karibu na vijana wake, akiwatia moyo, pale ukuta ulipomwangukia akafa. Moto ule uliendelea kufukuta kwa wiki mbili.

Kampuni za bima zilipohesabu hasara, ziliiambia serikali kwamba mzigo wa kuulinda mji mzima umezishinda. Mwaka 1865 bunge likapitisha sheria, na kuanzia tarehe 1 Januari 1866 London ikawa na kikosi cha zimamoto cha umma, kikisaidiwa na kodi za wakazi. Jukumu lake lilikuwa kuizima nyumba yoyote iliyowaka, iwe ina bima au haina.