Kusoma Tena na Kujiuliza: Maandalizi ya Mtihani wa Stadi

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kujiandaa kwa mtihani unaopima stadi, yaani mtihani unaotaka mtu aonyeshe awezavyo kutenda, wala si kukariri tu. Mfano tutakaoutumia haukutoka darasani. Umetoka katika kazi ya sheria. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, unaonyesha wazi kosa ambalo wanachuo wengi hulifanya kila mwaka. Pili, kosa hilo sisi wenyewe ndio tuliolishauri.

Kisa Chenyewe

Karani mmoja wa ofisi ya mawakili hapa Dodoma, aliye jirani yetu, alitujia siku moja na kitabu kinene cha maelekezo. Alitakiwa kupata cheti cha kuendesha programu ya kompyuta inayotumika kuchambua nyaraka za kesi. Ada ya mtihani aliilipa kutoka mfukoni mwake, kwa fedha zilizokuwa zimetengwa kwa sare na madaftari ya watoto. Kwa kuwa sisi ni walimu, alituomba tumweleze asome namna gani. Tukamjibu pasipo kufikiri sana: "Soma kitabu chote, kisha ukirudie mpaka kikuingie."

Alikirudia mara tatu, akapigia mistari, akaandika muhtasari. Akashindwa mtihani. Aliporudi hakutulaumu. Alisema tu, "Mwalimu, kila ukurasa niliufahamu. Lakini waliponiuliza ningefanya nini, sikujua pa kuanzia." Maneno hayo yalitulazimisha kujifunza kwanza kazi yake, ndipo tumshauri upya.

Kazi Inayopimwa

Zamani ushahidi wa maandishi ulikaa katika majalada. Leo sehemu kubwa imo ndani ya kompyuta na simu: barua pepe, mikataba, hesabu, picha na ujumbe mfupi. Hapa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilieleza kwamba ushahidi wa namna hiyo usikataliwe mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Katika kuupima, mahakama hutazama jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyopelekwa.

Kesi moja kubwa yaweza kuwa na nyaraka laki kadhaa. Ndiyo maana zipo programu za kusaidia, kama ile iitwayo Relativity iliyotoka Chicago, Marekani. Kazi yenyewe huenda kwa hatua. Nyaraka hukusanywa na kuhifadhiwa zisibadilike. Kisha nakala zinazofanana kabisa huondolewa. Kompyuta huzitambua kwa kukokotoa namba ya kila waraka, ambayo ni kama alama ya kidole. Baadaye nyaraka hutafutwa kwa maneno, husomwa, na hutiwa alama: huu unahusu kesi, huu hauhusu, huu ni siri baina ya wakili na mteja wake. Mwisho, zinazostahili hukabidhiwa upande wa pili. Siri ikikabidhiwa kwa bahati mbaya, mteja aweza kudhurika. Waraka muhimu usipoonekana, haki yaweza kupotea.

Kosa la Anayetafuta

Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, David Blair na M. E. Maron, walichapisha matokeo ya jaribio kuhusu kesi moja kubwa iliyokuwa na nyaraka zipatazo 40,000. Mawakili walitaka wapate angalau asilimia 75 ya nyaraka zinazohusika katika kila swali. Walitafuta kwa kompyuta mpaka wakaridhika kuwa wamefikia kiwango hicho. Watafiti walipopima, waligundua kwamba kwa wastani walikuwa wamepata kama asilimia 20 tu.

Sababu haikuwa uvivu. Mawakili walitafuta neno "ajali", kumbe waandishi wa barua nyingine waliliita jambo lile "tukio", "hali" au "tatizo". Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Anayetafuta barua za mgogoro wa ardhi kwa neno "kiwanja" pekee, atazikosa zote zilizoandikwa "ploti" au "eneo". Na kwa kuwa hazioni, hajui kwamba amezikosa. Alichokipata kiko mbele ya macho yake. Alichokikosa hakimpigii kelele.

Kosa la Anayesoma

Hapo ndipo tulipotambua kosa letu. Anayesoma kitabu mara tatu yumo katika hali ileile. Kila ukurasa anaufahamu anapouona, naye hudhani kufahamu huko ni kujua. Anachokikosa hakionekani mpaka siku ya mtihani.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, walichapisha jaribio lililopima jambo hili. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari. Baadhi yao walikisoma tena. Wengine walikifunga, wakaandika wanayoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Lakini walipopimwa baada ya juma moja, mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliosoma tena asilimia 42. Basi kusoma tena humridhisha msomaji leo, na kujiuliza humfaa kesho.

Hatua za Maandalizi

Tulimpa karani ushauri mpya, ambao twampa pia kila mwanachuo anayejiandaa kwa mtihani wa Taifa wa ualimu.

(a) Chunguza mtihani unadai nini. Soma muhtasari wa mtihani na utazame vitenzi vyake. "Taja" hudai kumbukumbu. "Eleza" hudai ufahamu. "Andaa" na "tumia" hudai utendaji. Anayejiandaa kutaja hawezi kutegemea kufaulu swali la kuandaa.

(b) Funga kitabu. Baada ya kila sura andika kwa maneno yako unayoyakumbuka, kisha ufungue na kulinganisha. Mapengo utakayoyaona ndiyo somo lako la kesho.

(c) Tenganisha siku. Nusu saa kwa siku sita huzaa kuliko saa tatu za usiku mmoja, maana kila unaporudi baada ya kusahau kidogo, akili hulazimika kutafuta.

(d) Fanya kazi yenyewe. Karani alitengeneza barua 60 za kubuni. Mwenzake akaficha miongoni mwake barua 10 zinazohusu mgogoro wa kubuni, kila moja ikitumia maneno tofauti. Mara ya kwanza karani alipata 4, naye alikuwa na hakika amezipata zote. Siku hiyo alijifunza zaidi kuliko katika majuma yote ya kusoma. Kwa mwanachuo, kazi yenyewe ni kuandaa somo na kulifundisha mbele ya wenzake, wala si kukariri sehemu za andalio la somo.

(e) Weka daftari la makosa. Kila kosa liandikwe pamoja na sababu yake: sikujua, nilichanganya, au sikusoma swali vizuri. Makosa ya aina tatu hayaponi kwa dawa moja.

Karani aliurudia mtihani akafaulu. Hatusemi kwamba mtu mmoja ni ushahidi wa kutosha. Twasema tu kwamba safari hii alijua, kabla ya kuingia, mahali alipokuwa dhaifu.

Matumizi Darasani

Mwalimu anapomaliza kueleza mzunguko wa maji na kuuliza, "Mmeelewa?", darasa zima huitikia, "Ndiyo!" Itikio hilo ni ile asilimia 75 ya mawakili. Badala yake na aulize swali linalotaka fikra: "Mwezi wa Machi korongo la kijiji chetu lilikuwa na maji. Agosti limekauka. Maji yamekwenda wapi?" Kila mtoto aandike jibu lake, vitabu vikiwa vimefungwa.

Mtauliza: darasa lina watoto wengi, nani atasahihisha yote hayo? Hapa pia wachambuzi wa nyaraka wana la kutufunza. Hawawezi kusoma tena maelfu ya nyaraka zilizowekwa kando. Huchukua sampuli bila kuchagua, wakazisoma hizo kwa makini kuona kama kuna muhimu zilizopotea. Mwalimu naye aokote madaftari 10 bila kuchagua, hasa asiishie kwa wanaonyoosha mikono. Kama 6 kati ya hayo yana kosa lilelile, somo hilo lirudiwe kwa njia nyingine kesho yake. Na maswali haya yasiwe ya kutoa adhabu, kwani mtoto anayeogopa kukosea hujifunza kuficha, na kilichofichwa mwalimu hawezi kukitengeneza.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba kufahamu unachokiona si sawa na kuweza kukitenda, na kwamba njia ya kuitambua tofauti hiyo ni kujipima mapema, wakati kosa lingali halina gharama. Sisi tulichelewa kulitambua hilo, na aliyelipa ada ni mtu mwingine. Ndugu mwanachuo, utakapokwenda kufundisha, watoto watakutegemea kama karani yule alivyotutegemea. Kabla ya kuwaambia "someni tena", waulize kwanza.